Je, Wajua? Nyama Ngumu, Moto Mdogo na Mwinuko wa Kasulu

Je, wajua kwamba maji yanayotokota jikoni mjini Kasulu hayafiki nyuzijoto 100? Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 300 hivi kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi moja. Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100. Kigoma mjini, pale ufukweni ambako Ziwa Tanganyika liko mita 773, ni 97 na kidogo. Huku juu ni karibu 96. Sukuma kuni upendavyo: maji yatakauka upesi, lakini hayatapata joto zaidi ya hapo. Ndiyo maana maharage yaliyoondoka Kasulu kwa lori huiva mapema kidogo yakifika pwani kuliko yalivyoiva kwao, na mgeni aliyehamia huku huona amepewa maharage ya zamani.

Je, wajua kwamba nyama haijali sana mwinuko huo? Kinachoifanya nyama ya shingo, bega au muundi ikatae meno ni kolajeni, zile nyuzi nyeupe zinazoshika misuli pamoja. Kolajeni huanza kulegea karibu nyuzi 60, na kuanzia nyuzi 80 hugeuka jelatini kwa kasi nzuri, ilimradi ipewe saa zake. Nyuzi 96 za Kasulu zinatosha na kubaki. Nyama ya namna hiyo haidai makali ya moto, inadai muda. Ukiichemsha kwa fujo, misuli inakamuka maji yake yote kabla kolajeni haijalainika, na unabaki na nyama iliyoiva lakini kavu kama kamba ya katani.

Hapo ndipo panapoingia kile chungu cha umeme cha moto mdogo ambacho ndugu walio Ulaya na Marekani hawaachi kukisifia. Ni chombo rahisi mno: chungu kizito cha udongo uliochomwa na kung'arishwa, kimekaa ndani ya gamba la bati lenye waya wa joto, na juu kifuniko cha kioo. Vingi hutumia wati 100 hadi 300 tu, chini kabisa ya pasi ya nguo. Unaweka kipande kizima cha nyama asubuhi, unaenda kazini, unarudi jioni rosti imeiva.

Je, wajua kwamba kwenye vyungu vingi vya aina hiyo kitufe cha moto mdogo na cha moto mkubwa huishia kwenye joto lilelile? Tofauti ni mwendo. Moto mkubwa hufika karibu na kuchemka baada ya saa 3 au 4, moto mdogo baada ya saa 7 au 8. Na kwa kuwa huku kuchemka ni nyuzi 96, chungu cha Kasulu kitaanza kutoa mapovu mapema kuliko kitabu cha maelekezo kinavyosema. Usishtuke, hakijaharibika.

Je, wajua kwamba chungu hicho hakikubuniwa kwa ajili ya rosti, bali kwa ajili ya kitoweo cha maharage? Mvumbuzi wake, Irving Naxon wa Chicago, alisimuliwa na mama yake habari za utotoni huko Vilna, Lithuania. Wayahudi hawawashi moto siku ya Sabato. Kwa hiyo Ijumaa jioni kila nyumba ilipeleka kwa mwokaji mikate chungu cha nyama, maharage na shayiri, kinaachwa usiku kucha ndani ya tanuri linalopoa polepole, na Jumamosi kinachukuliwa kikiwa cha moto. Naxon akataka tanuri hilo liwe dogo kiasi cha kukaa mezani. Alipewa hataza mwaka 1940, na moja ya vyombo vyake akakiita Naxon Beanery, yaani nyumba ya maharage. Mwaka 1970 kampuni ya Rival iliinunua biashara yake, na mwaka uliofuata ikakileta sokoni chombo kilekile kwa jina la Crock-Pot. Wanawake wa Marekani walikuwa wanaingia maofisini kwa wingi, na chombo kikauzika kwelikweli.

Wasabato wa Kasulu na Buhigwe, hasa walio karibu na Hospitali ya Heri, hawahitaji kuelezwa habari hiyo mara mbili. Siku ya maandalio kwao ni Ijumaa, na chakula cha Sabato hupikwa kabla jua halijazama. Tofauti ni kwamba huku chungu kilitegemea majivu ya moto, si tanuri la jirani.

Je, wajua kwa nini nyama ya bucha zetu ni ngumu kuliko ile ya kwenye picha za vitabu vya mapishi? Wengi humlaumu ng'ombe peke yake. Ni kweli, ng'ombe wetu wa asili huchunga, hutembea, hupanda na kushuka milima, na mara nyingi huchinjwa akiwa mtu mzima, na kadiri mnyama anavyozeeka kolajeni yake inazidi kukaza. Lakini kuna jambo la pili. Nyama ya ng'ombe huingia katika ukakamavu saa chache baada ya kuchinjwa na hukaa hivyo hadi karibu siku nzima. Katika nchi zenye majokofu makubwa, mzoga hutundikwa kwenye baridi kwa wiki moja, mbili au zaidi, na vimeng'enya vya nyama yenyewe vinailainisha taratibu. Kwetu ng'ombe anachinjwa alfajiri, saa mbili nyama inaning'inia buchani, saa saba iko kwenye ugali. Tunaipika ikiwa katikati ya ukaidi wake. Ile desturi ya mama zetu ya kuchemsha nyama kwanza kwa saa nzima au zaidi, ndipo ikaangwe na kuungwa, watu wa hoteli za kitalii huicheka. Kwa nyama hii, mama zetu ndio wenye haki.

Kwa hiyo usiende bucha kuomba steki kwa ajili ya chungu cha moto mdogo. Ni kutupa pesa. Steki haina kolajeni ya kutosha, na saa nane zitaigeuza makapi. Omba shingo, kidari, bega au muundi wenye mfupa wake. Mwenye bucha atakushangaa, kisha atafurahi.

Je, wajua kwamba katika Buha ya zamani, nchi ya Waha, ng'ombe alikuwa mkataba kabla hajawa mboga? Katika utaratibu wa ubugabire, mwenye mifugo alimkabidhi mtu ng'ombe, naye aliyepokea akawa na wajibu wa utumishi na heshima kwake. Maziwa, mbolea na ndama ndivyo vilivyotazamwa. Kumchinja mnyama kama huyo ovyo ilikuwa sawa na kuchana hati. Aliyefika kwenye chungu, kwa kawaida, alikuwa amekwisha kuzeeka. Nyama ya namna hiyo haikuwa na njia nyingine isipokuwa moto mdogo wa muda mrefu.

Je, wajua kwamba papai bichi lina kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama? Kinaitwa papeini, na wauza mishkaki wa pwani wamekitumia miaka mingi bila kukijua jina. Nanasi lina ndugu yake, tangawizi pia. Lakini kwenye chungu cha moto mdogo, papai ni hatari kwa kitoweo: papeini huendelea kufanya kazi nyama ikipanda joto hadi nyuzi 60 au 70, na chungu hiki hupanda polepole mno. Matokeo ni uji wa nyama. Chagua kimoja, papai au muda.

Je, wajua kwamba chungu cha moto mdogo kinaweza kukupa sumu ya maharage? Hili lisomwe taratibu, maana wilaya hii inaishi kwa maharage. Maharage mekundu makubwa yakiwa mabichi yana protini iitwayo fitohemaglutinini. Punje 4 au 5 tu zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu mzima ndani ya saa 1 hadi 3, kisha tumbo linaharisha. Kuchemka kwa nguvu kunaiua. Joto la chini haliiui, na wataalamu wa usalama wa chakula wa Marekani wameandika kwamba maharage yaliyopashwa hadi nyuzi 80 hivi tu yanaweza kuwa na makali hadi mara tano kuliko mabichi. Sasa fikiria mtu aliyeweka maharage makavu kwenye chungu cha umeme, akabonyeza moto mdogo, akaenda shamba. Jioni yamelainika, yananukia vizuri, na ni sumu.

Njia ni hii: loweka maharage kwa saa 5 au usiku kucha, mwaga maji yale, weka maji mapya, yachemshe yatokote hasa kwenye jiko la kawaida kwa dakika 30, ndipo uyahamishie kwenye chungu pamoja na nyama. Uingereza wanasema dakika 10 zinatosha, Marekani wanasema 30. Kwa mtu anayechemsha kwa nyuzi 96, ushauri wa Marekani ndio wa kufuata. Maharage meupe yana kiasi kidogo cha sumu hiyo, lakini jikoni huna sababu ya kupima, chemsha yote.

Na muhogo? Muhogo mchungu usiingie kabisa kwenye chungu chenye kifuniko. Sumu yake ni sianidi, ambayo huchemka kwa nyuzi 26 tu na kupaa hewani, lakini ni lazima kwanza seli za mmea zivunjwe, ndiyo maana sombe, yaani majani ya muhogo, hutwangwa na mihogo ya unga huloekwa siku kadhaa. Sombe itwangwe, ichemshwe bila kufunikwa, ikishaiva ndipo ikutane na nyama.

Je, wajua kwamba miaka michache iliyopita habari ya kuacha chungu cha umeme kikiwaka saa nane ingekuwa kichekesho Kasulu? Mkoa wa Kigoma uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli yaliyosimama peke yake, mbali na gridi ya taifa. Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipofanya ziara mkoani, majenereta yalizimwa na umeme wa gridi ukaanza kuchukua nafasi yake. Mwaka 2024 serikali ikazindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034.

Tupige hesabu basi. Chungu cha wati 200 kikiwaka saa 8 kinakula uniti 1.6. Kwa mteja mdogo wa TANESCO, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, bei iliyozoeleka miaka ya karibuni ni Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi: Sh 160 kwa rosti nzima. Kwa mteja wa kawaida, kwa Sh 292, inakuwa Sh 467. Inapendeza. Ila pika hivyo kila siku kwa siku 30 na umekwisha kula uniti 48 kati ya zile 75. Ongeza taa, redio, simu na friji, na bei ya mteja mdogo imekuponyoka.

Kwa uaminifu, presha kuka ya umeme inashinda hapo. Ina wati 1,000, lakini imezibwa vizuri na hujizima kila joto linapotosha, kwa hiyo sufuria ya nyama mara nyingi haifikishi hata nusu uniti. Isitoshe, ndani ya presha maji hupita nyuzi 100 kwa mbali, na mwinuko wa Kasulu unabaki na usemi mdogo. Kanuni hiyo si ya jana: Denis Papin, Mfaransa, alionyesha chungu cha mvuke kinacholainisha hata mifupa mwaka 1679. Chungu cha moto mdogo kinabaki na faida mbili. Hakina kelele, na ladha ya rosti yake, kwa ulimi wangu, ni nzito zaidi.

Umeme ukikatika? Shirika la Afya Duniani linataka chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60. Chini ya hapo bakteria huanza kuzaana. Ukiwa nyumbani, hamishia kila kitu kwenye sufuria na uweke jiko la mkaa mara moja. Ukirudi ukakuta saa ya ukutani inamweka sifuri, na hujui umeme ulikatika saa ngapi wala kwa muda gani, nyama ile usiile hata kama imerudi kuwa ya moto. Bakteria wengine huacha sumu isiyouawa na kupasha.

Je, wajua kwamba chungu cha umeme ulichotumiwa kutoka Marekani kinaweza kuungua siku ya kwanza? Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa hapa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo na baadaye ikapokea Warundi wengi, imewapeleka maelfu ya watu Marekani kupitia mpango wa makazi mapya. Wengi wana ndugu huku, na zawadi husafiri. Lakini umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Waya wa joto uleule ukipewa volti 230 huvuta nguvu karibu mara nne. Kubadilisha plagi hakusaidii kitu. Angalia maandishi ya chini ya chombo: kama yanasema 120V peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye wati kupita za chungu.

Chumvi! Je, wajua kwamba chumvi ya Uvinza nayo ni tunda la kupika polepole? Chemchemi za maji ya chumvi kando ya mto Ruchugi zimetumika kwa zaidi ya miaka 1,500. Wachimba kale waliofukua pale katika miaka ya 1960 walikuta mabaki ya vyungu na majiko ya watu waliochemsha maji hayo mpaka chumvi ikabaki. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipopita 1858 akielekea Ziwa Tanganyika alikuta biashara hiyo imeshamiri. Kwa rosti, paka kijiko kidogo cha chumvi kwa kila kilo ya nyama usiku wa kuamkia siku ya kupika. Itapenya ndani na kusaidia misuli kushika maji yake.

Je, wajua kwamba ule wekundu-kahawia na harufu ya nyama iliyokaangwa haviwezi kupatikana ndani ya chungu hicho? Vinahitaji joto la nyuzi 140 na zaidi juu ya nyama kavu. Kwa hiyo futa nyama kwa kitambaa, ibabue pande zote kwenye mawese yaliyopata moto, ndipo uiweke chunguni. Mawese ya Kigoma yana rangi na ladha yake, na hayo pekee ni sababu ya kutofuata vitabu vya kigeni.

Viazi na karoti huenda chini, nyama juu. Inaonekana kinyume, lakini mboga za mizizi hulainika kuanzia nyuzi 85 hivi, na chini na pembeni ndiko kwenye joto la mapema.

Maji kidogo. Nusu kikombe, au hata bila. Mvuke haupotei, na nyama yenyewe hutoa majimaji karibu robo ya uzito wake au zaidi.

Na usifunue. Kila unapoinua kifuniko kuchungulia, umeongeza dakika 20 hadi 30.

Je, wajua kwamba kapu linaweza kufanya kazi ya chungu cha umeme bila umeme? Chemsha sufuria iliyojaa, ifunike, iweke katikati ya kapu lililojazwa matambara au majani makavu ya mgomba, ambayo Kasulu hayana bei, kisha funika kwa mto mnene. Johan Sørensen alionyesha sanduku la namna hiyo kwenye Maonyesho ya Paris ya 1867, likaitwa jiko la Wanorwe. Jeshi na kaya za Ulaya zilihifadhi kuni kwa njia hiyo wakati wa vita. Siri yake ni ujazo: sufuria tupu nusu hupoa upesi. Kipande kikubwa cha nyama kichemshwe dakika 30 kwanza, kikae kapuni saa 4, kisha kichemshwe tena kabla ya kuliwa. Kwa nyumba zilizo karibu na misitu ya Makere inayozidi kukatwa, kapu hilo lina maana kuliko kifaa chochote cha plagi.

Pwani wana yao. Mpishi wa pilau hupalia makaa juu ya kifuniko, joto linatoka juu na chini. Boko boko la Zanzibar ni ngano na nyama vilivyoiva mpaka havitambuani. Oman, ambako Kiswahili kina masikio mengi, shuwa hufungwa kwenye majani na kuzikwa ndani ya shimo la makaa siku moja hadi mbili wakati wa Idi.

Na mpika supu ya makongoro wa mjini kwetu? Huyo huinjika usiku, anasukuma kuni mbili tu chini ya sufuria, na alfajiri kwato zimeachia kila kitu. Hajawahi kusikia habari za Naxon.

Je, wajua la mwisho? Mchuzi wa rosti ukipoa ukaganda kama jeli, hasa baridi ya Juni na Julai, hujaharibikiwa. Ni kolajeni iliyokwisha kuwa jelatini, ushahidi kwamba muda ulitosha. Ila usiuache chunguni upoe wenyewe, maana chungu kizito hukaa vuguvugu kwa saa nyingi. Mimina kwenye bakuli pana, na kesho yake upashe mpaka uchemke, huku kwetu nyuzi 96.